Kulia kwa Ng'ombe

Probox, gari letu la abiria, ilipotoka Manga, mama aliyeketi kushoto kwangu alikuwa amepakata chupa nne ndogo za maziwa kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Mzee mwenye kofia, aliyeketi upande wangu wa pili, akamwuliza anampelekea nani.

"Maabara," mama akajibu kwa raha. "Ni ya ng'ombe yangu, kila chuchu na chupa yake. Moja inatoa maziwa ya mabonge. Daktari wa mifugo anataka kujua ni gani ndiyo aiwekee dawa."

Mzee akavaa miwani, akasoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. "Nyuma kulia. Kulia kwa nani, mama? Kwako ama kwa ng'ombe?"

"Kwangu. Si mimi ndiye nakamua?"

"Basi daktari atawekea dawa chuchu haina shida, na ile gonjwa itabaki vile vile. Yeye anahesabu kulia kwa ng'ombe."

"Mzee, mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Ng'ombe anakula na mdomo. Hiyo kulia atatoa wapi?"

Mzee akavua miwani. Mimi, niliyekuwa katikati yao, nikaona heri nitazame migomba. Walicheka wote wawili, lakini hakuna aliyekubali.

Tulipofika stendi ya Kisii, dereva akatugeukia. "Mlango mmoja umekwama. Mshukie kulia."

Mama akakumbatia chupa zake, akamtazama kwa makini.

"Kulia kwako," akamwuliza, "ama kwa gari?"