Mheshimiwa Hafidh wa Mchangamle, Aliyechaguliwa Akiwa Guangzhou

Ndugu waombolezaji, mashekhe wetu, ndugu zetu wa bara, wa Kenya na wa Kongo mliofunga ofisi zenu leo Jumamosi tarehe 27 Julai 2024, mimi ni Tahir, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane wake Shamsia, na familia imenipa nafasi hii nisome kabla gari halijampeleka uwanja wa ndege wa Baiyun. Najua sisi watu wa Unguja hatuna desturi ya kumsomea maiti historia, lakini miaka yote hii tumekaa kwenye misiba ya ndugu zetu wa bara tukasikia watu wao wanavyosemwa vizuri mpaka mtu unatamani ufe wewe, nasi tumeona haya kumsafirisha mtu wetu kimyakimya kama bunda la nguo. Kila nitakachokisoma nimekishuhudia mwenyewe, kwa macho haya mawili, sikusimuliwa na mtu, na anayebisha anisubiri nje nikimaliza.

Marehemu Hafidh alizaliwa Ijumaa tarehe 5 Machi 1976, katika kijiji cha Mchangamle, kusini Unguja, kitindamimba wa mpasua mbao na msuka ukili, akapokelewa na mkunga wa jirani huku dada yake mkubwa, Bimkubwa, akishika kandili, na Bimkubwa huyo ndiye aliyechimba shimo nyuma ya jiko kikazikwa kitovu cha mtoto. Jana Shamsia alinikumbusha kwamba mwaka huo mimi nilikuwa bado sijazaliwa, nami nikamjibu kwamba nyumba zetu zilikuwa ukuta mmoja, habari za ukuta ule zilinisubiri.

Alianza skuli ya msingi Mchangamle mwaka 1983, akamaliza mwaka 1990, akaingia sekondari mjini na kuiacha kidato cha pili mwaka 1993 baba yake alipofariki, na mimi nilimfuata kuacha mwaka huohuo, ijapokuwa kwangu hakuna aliyefariki, walimu ndio waliochoka. Alikuwa na akili ya hesabu na hati nzuri, hilo naliweka wazi, maana wako watakaosema alikuwa mchuuzi tu asiyesoma.

Kazi aliianzia Darajani mwaka 1994, dukani kwa mjomba wake, akiuza vitambaa kwa pima, na tarehe 11 Septemba 2003 akapanda ndege kuja Guangzhou mara ya kwanza, na mwaka 2006 akapanga chumba hapa Sanyuanli na kufungua ofisi ya kusafirisha mizigo, mimi nikiwa mtu wake wa kwanza, na bila ya mimi asingelijua hata kuomba maji kwa Kichina. Wateja wake kutoka Zanzibar, Dar es Salaam mpaka Bukavu walimjua kwa maneno mawili, kila kontena likishushwa bandarini aliwapigia mmoja mmoja, hata salamu hatoi, anasema, "Mzigo umefika," anakata simu, na mtu aliyekuwa hajalala usingizi anapata kulala. Viwanda vya Zhanqian vilimheshimu, kila mwenye kiwanda, laoban kama tunavyowaita hapa, alijua Hafidh hapokei bunda asiloliona likifungwa, atasimama pale na chupa yake ya chai mpaka kamba ya mwisho, na tabia hiyo ndiyo iliyomtajirisha, na nasikitika kusema ndiyo iliyomuua.

Alifunga ndoa na dada yangu Shamsia tarehe 12 Agosti 2001, msikiti wa Mchangamle, na kwa kuwa baba yetu alikuwa ameshatangulia, mimi ndiye niliyemwozesha, kwa mkono huu, na sauti yangu siku ile watu wanaizungumza hadi leo. Mungu aliwajaalia watoto wawili, Abdulsalam aliyezaliwa tarehe 17 Mei 2003, na Swalha aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2009, wote mnawaona hapa mbele.

Sasa niwaeleze yale ya siasa, maana nimesikia minong'ono madukani kwamba mtu mzima mwenye ofisi yake alitafuta nini Baraza la Wawakilishi. Mama yake alifariki tarehe 9 Novemba 2019, Hafidh akafika kijijini siku ya pili, wameshazika, na mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba begi, tukaingia uani, akatoka kijana ambaye yeye hamjui wala kijana hamjui yeye, akampa mkono, akamwambia kwa adabu kabisa, "Karibu mgeni, pita upumzike, wenyewe wamekwenda kaburini." Hafidh alikaa kwenye kibaraza cha nyumba aliyozaliwa, miguu ameibana kama mtu aliyekuja kuposa, akasubiri wenyewe. Tangu siku ile hakuwa sawa, alijenga kisima, akaezeka madrasa, na kila akishukuriwa anashukuriwa kama anavyoshukuriwa mfadhili, jina lake kule likawa Hafidh Mchina, na usiku mmoja hapa Sanyuanli, tunakula, aliniambia, "Tahir, mimi sijui kama wale bado wananihesabu."

Kwa hivyo Machi mwaka huu kiti cha Uwakilishi cha Jimbo la Mchangamle kilipobaki wazi, na uchaguzi mdogo ukatangazwa kuwa Jumapili tarehe 14 Julai, alichukua fomu kwa chama kidogo kilichompokea, na alipoulizwa na Shamsia anataka nini alisema hataki mshahara wala gari, anataka watu wa kijiji waulizwe mbele ya sanduku la kura, mmoja mmoja, peke yao na kalamu, huyu ni wenu au si wenu, na watakalolijibu atalipokea.

Kampeni ilianza vizuri, Bimkubwa akitangulia na kinamama, yeye akifuata kwa miguu, ila aliagiza fulana kwa simu, akiwa jukwaani, kwa Madam Liang, laoban wa Zhanqian, na kwa haraka ile, mtu wa miaka thelathini katika nguo, akasahau kusema saizi za Afrika. Nyie wote mnajua kilichofuata. Tarehe 20 Juni mabunda yalifunguliwa uwanja wa mpira mbele ya umma, fulana iliyoandikwa kubwa kuliko zote ikagoma kwenye bega la mke wa imamu, kinamama wanavuta huku wanacheka, picha ya Hafidh ikachanika katikati ya pua, na jioni ileile kipaza sauti cha mpinzani wake kikapita barabarani kikiuliza, "Enyi watu wa Mchangamle, ikiwa fulana yake haiwatoshi, yeye mwenyewe atawatosha?" Kijiji kizima kilicheka, wetu na wao, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

Hafidh hakucheka. Tulimwambia aachane na fulana, watu wanataka kumwona yeye, Bimkubwa alimshika mkono akamwambia, "Mdogo wangu, kura hazivai nguo," lakini mfanyabiashara akishaaibishwa na mzigo hasikii la mtu, na tarehe 29 Juni, katikati ya kampeni, presha yake ikiwa juu na vidonge ameviacha kwa sababu vinamlevya jukwaani, akapanda ndege kurudi huku kusimamia fulana mpya kwa macho yake, mimi ubavuni mwake. Kule nyuma kipaza sauti kikapita tena, "Mgombea wenu amekwenda kwao," na Bimkubwa, mwanamke wa miaka sitini na mbili, akasimama mbele ya gari lile likashindwa kupita, akasema, "Kwao ni hapa, kitovu chake nimekifukia mimi, nikuchimbulie?"

Jumatano tarehe 3 Julai tulikuwa kiwandani kwa Madam Liang, Hafidh amenisimamisha mimi nipimiwe, kwa tumbo hili, akisema ikimtosha Tahir imeitosha Zanzibar, Madam Liang akipunga mkono na kusema meiyou, hakuna, saizi hiyo haipo duniani, wafanyakazi wanacheka, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu tarehe ishirini, akacheka, akanyoosha mkono kunivuta ukosi, mkono haukufika. Alianguka juu ya marobota ya fulana zenye picha yake. Ilikuwa kiharusi, upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafa nao.

Alilazwa wodi ya mishipa ya fahamu, Shamsia na watoto wakawa naye kwa zamu, na mimi nilisimama kiwandani badala yake mpaka kamba ya mwisho, fulana zikaondoka Baiyun kwa ndege tarehe 8 Julai, zikafika tarehe 10, zikawatosha. Jumapili tarehe 14 Mchangamle ilipiga kura mgombea akiwa hayupo, na Jumatatu tarehe 15 Julai, saa nne asubuhi ya kwetu, ambayo hapa ni saa tisa alasiri, msimamizi alitangaza kwamba Hafidh amechaguliwa kuwa Mwakilishi, kwa kura sitini na moja zaidi ya mwenzake. Bimkubwa alinipigia kutoka kituoni, nikaingia wodini, nikamwinamia sikioni, nikamwambia, "Shemeji, umeshinda," na ulimi ule uliokuwa umekufa ukafunguka, akasema wazi kabisa, "Mzigo umefika," akafumba macho, akarejea kwa Mola wake, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Hakuapishwa. Kiti kiko wazi tena, na nasikia kipaza sauti kimeshatiwa betri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa jengo letu Sanyuanli waliopika kwa ajili yetu tangu siku ya kwanza, Macharia aliyehangaika na vibali vya mwili katika ofisi zilizomjibu meiyou mpaka akazoeleka mlangoni, mama Anastazia na kwaya yake waliokaa na Shamsia ijapokuwa tuliwaomba wasiimbe, wasafirishaji wenzake wote, na Madam Liang, ambaye yuko pale nyuma amevaa nyeupe, aliyekataa malipo ya fulana.

Nilipanga niishie hapo. Lakini jana nilipita Zhanqian nikaikuta skrini ya kuchapia kanga imeshachongwa, Bimkubwa ameagiza za hitima, kila mwanamke wa Mchangamle avae, na chini ya picha pameandikwa Mzigo Umefika, mashine zinawashwa keshokutwa, na Swalha alishika kitambaa cha sampuli akayasoma maneno yale polepole kama mtu anayesoma aya, na mimi nikashindwa kula mpaka sasa.

Hafidh hakuyasema. Simu ya Bimkubwa iliponikuta nilikuwa kwenye lifti ya hospitali, nashuka, nimetoka kumfunika uso. Shamsia alikuwa kwenye sala, alikuwa hajajua. Nyuma ya Bimkubwa nilisikia vigelegele, ngoma, watu wanaita jina lake, si Hafidh Mchina, ni Hafidh wetu, na Bimkubwa akapaza sauti ili anisikie, "Amesikia? Tahir, niambie, amesikia?" Nikasema amesikia. Akauliza, "Kasema nini?" Nami nikatunga, kwa kuwa mimi nikiulizwa siwezi kukaa bila jibu, mnanijua. Mengine yote niliyoyasoma yachujeni mtakavyo, hata lile la ukuta, lakini hilo moja nimelitunga mimi, na Shamsia na wanangu hawa wakiamua kanga zichapwe, zichapwe, ila wajue ni maneno ya Tahir.

Na kwa kuwa hakuna aliyekwambia, shemeji, nakwambia sasa, jeneza lako liko mbele yangu na watu hawa wote ni mashahidi. Waliulizwa mmoja mmoja, peke yao na kalamu, kama ulivyotaka. Wamesema wewe ni wao. Kesho ukishushwa pale uani hakuna atakayekwambia karibu mgeni, watakupokea kama anavyopokewa mtu aliyechelewa kurudi nyumbani, na utalazwa ubavuni mwa mama yako. Pumzika kwa amani kwenu, Mheshimiwa.