Breka ya Kopo la Misumari

Zimeni hizo mashine kwanza. Zote tatu. Injinia, mwanangu, nenda kashushe swichi za stoo, halafu urudi ukae hapa miguuni kwangu, na wewe dada yake, Hakimu wangu, acha kuninyooshea shuka kila dakika, sijafa bado, vuta hicho kigoda ukae upande huu wa sikio zima. Naam. Mnasikia kimya hicho? Tangu nilete mashine nyumbani humu, kimya cha namna hii tumekipata wakati mmoja tu, wa msiba wa mama yenu, na huo ndio ninaotaka kuusema leo. Lakini msiniharakishe. Mnanijua, mimi hata nikitumwa chumvi lazima nipite kwa fundi viatu na kwenye ugomvi wa watu wawili ndipo nifike dukani. Daktari amesema mapafu yangu hayana wiki. Mimi sikubishana naye, na mkiona mimi sibishani na mtu mjue hali ni mbaya.

Nianze na mali, maana ndiyo iliyowaleta mbio. Watu wa mtaa huu waliniita Gavana wa Feni, na nililipenda jina hilo kuliko nililopewa na baba yangu. Mimi niliyeacha shule darasa la sita, nikawaambia watu kuwa ni mwalimu wa hesabu ndiye aliyeshindwa kunifuata, ndiye niliyekuwa wa kwanza hapa kuchimba sarafu za kwenye mtandao, bila jembe, bila shimo, kwa umeme tu na kelele. Nilisema kinyozini kwamba nikiamua nitaununua mtaa mzima pamoja na mbwa wake. Uongo, wanangu. Kilichomo kwenye pochi ya sarafu, mkikiuza leo, kitapaua stoo upya na kuwabakizia nauli. Nimetamba kwa mali ambayo haikuwepo, na hilo ndilo dogo kati ya mawili nitakayoyasema.

Injinia, zile tatu ni zako, na haya maboksi manne uliyoyanunua juzi ukayapanga ukumbini kama mahari, nayo ni yako. Basi sikia zinavyokula. Mashine moja ya namna hii inakula wati elfu moja na mia nne, haipumziki, haili kwa zamu, kwa hiyo kwa saa ishirini na nne imemeza zaidi ya yuniti thelathini na tatu na nusu, na hapo hujaiwekea feni ya dirishani. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, chukua bei ya yuniti uliyolipa kweli, siyo uliyoisikia kwa rafiki yako, zidisha, kisha weka pembeni yake kile mashine ilichokuingizia kwa siku kwa bei ya sarafu ya asubuhi hiyo hiyo. Umeme ukizidi, zima. Usiseme mwezi ujao sarafu itapanda. Mimi nimesema hivyo miezi sitini. Wachimbaji wanaongezeka duniani kila siku na fungu la kila mmoja linapungua, na kila baada ya miaka minne hivi malipo yenyewe yanakatwa nusu kwa siku moja, hakuna wa kumlalamikia. Hizi zetu ni vizee. Huyo jamaa aliyekuuzia nne kwa bei ya kutupa, ulimuuliza kwa nini anauza? Hukumuuliza. Ni damu yangu hiyo.

Na zikiharibika, usikimbilie bisibisi. Ikigoma kuingia mtandaoni, anza na waya wa mtandao na kile kisanduku cha intaneti, mara tisa kati ya kumi ni hapo. Nilishawahi kuifungua mashine nzima, skrubu zote, siku mbili, kumbe panya ametafuna waya nyuma ya kabati. Ikionyesha bodi mbili badala ya tatu zilizomo tumboni mwake, zima, chomoa kabisa kwenye ukuta, ngoja ipoe, bonyeza vizuri zile waya zake, na kama bado, ihamishie bodi hiyo kwenye nafasi ya mwenzake: ugonjwa ukihama nayo, bodi ndiyo mbovu, ugonjwa ukibaki pale pale, usiilaumu bodi. Vumbi lipulize kwa hewa kavu huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Hewa baridi iingie upande mmoja, ya moto itoke nje moja kwa moja, zisikutane. Washa moja moja, hesabu dakika, ndipo washa nyingine. Na plagi, mwanangu. Ukiona plagi imegeuka rangi kama mkate uliokaa motoni, au ukisikia harufu ya samaki mahali ambapo hakuna aliyepika samaki, zima papo hapo.

Nipeni maji.

Hiyo harufu mimi niliisikia siku tatu mfululizo. Nikamwuliza mama yenu kama amenunua dagaa.

Mnakumbuka alivyokuwa akianika nguo mule stoo. Wakati wa mvua majirani wote nguo zao zinanuka uvundo, za kwetu zinatoka kavu na moto kama zimepigwa pasi, kwa ile hewa ya mashine. Alisema ndiyo faida pekee aliyowahi kuiona kwa macho yake. Akafunga kamba tatu, ukuta hadi ukuta, na sare zenu za shule zilining'inia humo kama watoto waliopewa adhabu. Waya za stoo alizifunga kaka yake, mjomba wenu fundi umeme. Alivuta waya wa milimita nne kutoka kwenye mita, akaupitisha ndani ya ukuta, akaweka breka ya ampea thelathini na mbili, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, akaniambia mbele ya dada yake, "Shemeji, hapa mashine nne, basi. Siku ukileta ya tano, niite nibadilishe waya." Nikamwambia, "Wewe funga, Gavana atatawala." Akaigonga breka kwa kidole akasema, "Hii hailindi mashine zako, shemeji. Inalinda waya ulioko ukutani, usioweza kuuona." Nikacheka. Mimi wakati huo nilikuwa nacheka sana.

Nikaleta ya tano. Sikumwita. Nikaleta ya sita na ya saba kwa mkupuo mmoja, jirani wa mbele akiwa mlangoni anaangalia, na ndiyo maana nilizileta kwa mkupuo mmoja. Breka ikaanza kujikata. Inakaa robo saa, inajikata. Mama yenu mfupi, boksi liko juu, akawa anaiinua kwa mpini wa mwiko. "Gavana, serikali yako imeanguka tena." Siku nzima hivyo. Mwisho akaniambia, "Mpigie kaka yangu. Hiyo breka inakuambia kitu." Mimi nikaenda dukani nikanunua breka ya ampea sitini na tatu. Muuzaji akaniuliza, waya wako ni wa unene gani? Nikamjibu mnene kama mkono wa mke wangu, watu wakacheka. Nikarudi nikaifunga mwenyewe, dakika kumi, na haikujikata tena. Nikamwita mama yenu aje aone. Nikapiga kifua. Nikamwambia, kaka yako anatuuzia woga tu.

Mmenielewa nilichofanya? Niambie wewe Injinia, kwa maneno yako... Ndiyo. Mlinzi nilimwondoa, nikamweka asiyesikia kitu. Waya unabeba mzigo wa mashine saba, unachemka ndani ya ukuta, na breka inasema safi, endelea. Wiki tatu.

Siku ile ilikuwa saa nane mchana, nyinyi mko shule. Niliona moshi unatoka juu ya mlango wa stoo. Nilikata swichi kubwa, hilo nilifanya sawa, jiandikieni na nyinyi: umeme kwanza, maji hapana. Nikakimbilia nje kumwita mama yenu, nikidhani yuko nyuma. Alikuwa ndani. Aliingia kuokoa mashine. Mimi ndiye niliyemwambia kila siku kwamba hizo ndizo ada za watoto, kwamba humo kuna nyumba ya ghorofa. Akatoa moja, akaiweka kibarazani, akarudi kwa ya pili, na kamba za nguo zikamwangukia zikiwaka. Ile mashine yenye kovu jeusi ubavuni, ambayo mmekuwa mkiniuliza kwa nini siiuzi, ndiyo aliyoitoa. Nilimtoa mimi. Haya mapafu niliyaacha humo humo.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa hajawahi kufika mtu. Nilimlaza kibarazani. Majirani wakaja, wanawake wakamfunika, mmoja akawa ananiita, shika mkono wake, bado anapumua. Na mimi nikaangalia lile boksi la umeme ukutani, ambalo moto haukulifikia, nikajua watu watakuja kulifungua. Nikachukua bisibisi. Nikaitoa ile sitini na tatu nikairudisha thelathini na mbili ya mjomba wenu. Mikono iliyoitwa kumshika ilikuwa inakaza skrubu. Nilipomaliza, alikuwa ameshamaliza na yeye.

Walipokuja wakaguzi wakakuta breka sahihi, wakasema basi viungo vilifungwa vibaya, nani alifunga? Nikasema, shemeji yangu. Nililisema tena makaburini, kwa sauti, mbele ya watu wote, na Hakimu, wewe ndiye uliyechukua mfuko wake wa vifaa ukauvurumisha nje ya geti, bisibisi zikatawanyika, naye akaziokota moja moja akiwa amevaa nguo za msiba wa dada yake. Alinitazama mara moja. Nadhani alijua. Aliondoka na mfuko wake, na baada ya hapo hakuna aliyempa kazi ya waya mjini hapa. Miaka minne anatengeneza pasi na redio. Ulipoolewa hukumwalika. Usilie, Hakimu. Ulihukumu kwa ushahidi niliokupa mimi.

Ile breka sikuitupa. Sijui kwa nini. Niliitia kwenye kopo la misumari, na kila nilipotafuta msumari vidole vyangu viliigusa. Halafu jana, Injinia, ukaja hapa kitandani unameremeta, umeishika mkononi: "Baba, kumbe una breka kubwa unaificha! Hii itabeba saba bila kusumbua." Nilitaka kusema, kikohozi kikanikaba, ukadhani nafurahi. Umeshaifunga. Usitikise kichwa, nimesikia bisibisi yako, huo mlio naujua kuliko mlio wa saa. Na kesho unataka kuyafungua maboksi manne. Baada ya moto nilimleta mtu wa bei rahisi akaunga waya mpya wa stoo, nikanunua mashine mbili kuukuu nikaziweka na ile ya kovu, lakini waya wa ukutani kutoka kwenye mita ni ule ule. Saba. Waya ule ule. Breka ile ile. Na mkeo ameshaanza kuanika nguo za mtoto mle ndani, nimeziona.

Ngojeni... ngojeni nipumue.

Hamtawasha. Huo ndio wosia, mengine yote ni porojo zangu. Hata hizo tatu, hamtawasha, mpaka mjomba wenu auone ukuta, aufungue, atoe waya, aweke anaoutaka yeye, na akisema mashine ni moja, iwe moja, akisema hakuna, uzeni kama chuma chakavu. Breka ya kopo mpeni mkononi. Wafuateni na wakaguzi, na kinyozi, na jirani wa mbele, waambieni nilivyowaambia, msinipambe. Pochi ya sarafu inafunguliwa kwa maneno ishirini na manne. Kumi na mawili ya kwanza nimeyashona ndani ya mto huu, ni yako Hakimu. Kumi na mawili ya mwisho yamo kwenye bahasha chini ya mto, ya mjomba. Hakuna atakayeifungua bila mwenzake. Ni kidogo, nimesema. Lakini itabidi mkae meza moja.

Unauliza nani atakwenda kumwita, na kwa uso gani. Hakuna wa kwenda. Hakimu, funua shuka hapa kifuani. Ndiyo, simu. Iko hewani tangu mlipozima mashine. Kwa nini mlidhani nilitaka kimya? Gavana hajaishiwa ujanja... Amesikia yote. Hajakata. Iweke karibu na mdomo wangu. Shemeji. Shemeji, upo? ... Nasikia redio ya mteja nyuma yake. Nasikia anapumua. Shemeji, sina la kuongeza...

Mmemsikia? Semeni kama mmemsikia, nisije nikawa nimeota. Amesema, "Injinia, shusha swichi kubwa ya kwenye mita, siyo ya stoo. Toeni nguo za mtoto. Nakuja na waya." Hayo tu. Hajasema amenisamehe. Mmesikia vizuri, hajasema, msije mkamsemea.

Nenda, mwanangu, kashushe. Ee Mungu, waangalie hawa. Wape mikono isiyofanana na yangu. Wape nyumba baridi... Nizikeni pembeni ya mama yenu, lakini siyo karibu sana, mpaka yeye... acheni nafasi ya mtu mmoja katikati.

Taa imezimika? Vizuri. Sasa nyamazeni. Nataka kuusikia mlango. Akigonga, Hakimu... mfungulie wewe. Umpokee mfuko.