Sindano Isiruke

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, mzee alikuwa amepakata mashine ya santuri kama mtoto mgonjwa. Jirani yake alikuwa binti mwenye waya za spika begani, kwa hiyo mzee akamfanya fundi. "Vifaa kaniachia mwanangu alipohama. Nimeunganisha kadi ya sauti na kompyuta, santuri inazunguka, lakini programu ya kupigia muziki imenuna, haitoi sauti."

"Umeweka sahani gani ya santuri, baba?"

"Ya marehemu mke wangu. Aliipenda."

Binti akamweleza taratibu kwamba programu inaitambua sahani moja tu, ile iliyokuja na kadi, yenye mlio mtupu wa kuiongoza. "Ile nimeitupa kabatini," mzee alisema. "Nani asikilize mlio?" Hata mimi ningeuliza hivyo, ila sikuulizwa.

"Itoe, baba. Ya mama irekodi kwenye kompyuta. Itakayozunguka ni ya mlio, itakayoimba ni ya mama."

"Hapo ndipo tusipoelewana. Mimi nataka izunguke yake."

"Basi irekodi tu, isije ikaharibika. Ila watu wasipitepite karibu, sindano itaruka."

Basi likasimama. Mzee alinyanyuka na mzigo wake. "Kwa hilo usiwe na shaka. Mwaka wa tatu huu, anayepitapita mle ndani ni mimi tu."