Nzanzu Hakuvunja Mwiko

Sogezeni viti, wanangu, wewe Syauswa na wewe Kahongya, na mlango muuache wazi, maana nimekasirika na sitaki hasira hii ibaki chumbani na maiti yangu.

Shamba la kahawa la Kirumba ni lenu wawili, nusu kwa nusu, wala Kahongya asinyimwe kwa kuwa ni mwanamke. Hilo limekwisha.

Sasa maandishi yako, Syauswa. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na miwili, kwa kidole, na kwa kidole hicho hicho nimesoma kazi uliyoiandika chuoni, kamusi ya Kifaransa magotini, miezi mitatu. Umeandika kwamba hakuna ukweli, kuna masimulizi tu, na kwamba kila imani ni ya kweli kwa wanaoishika. Nusu yake naikubali: katika vita hivi nimesikia kila redio ikishinda pigano lile lile. Lakini ukurasa wa arobaini umemweka marehemu ndugu yako Nzanzu awe mfano. Nilipokuuliza, ulinijibu, “Papa, kila mutu iko na ukweli yake. Kwa Nzanzu, ile mayi ilikuwa ya kweli.” Kahongya akakuuliza, “Na ile risasi, kaka, nayo ilikuwa na ukweli yake?” Ukacheka. Mimi sikucheka.

Sikilizeni. Wapiganaji wa Mai-Mai waliposhuka, ni mimi niliyempeleka Nzanzu kwa Muyisa, mganga wao, anyunyiziwe maji ya kuzuia risasi, naye akaamriwa asiguse mwanamke, asiibe, asipokee chumvi mkononi mwa mtu. Siku tatu niliwabebea chakula. Nzanzu alikula nami, akalala ubavuni mwangu. Siku ya nne risasi ilimwingia hapa, chini ya titi. Nilimwosha mwenyewe. Muyisa akatangaza mbele ya watu kwamba kijana alivunja mwiko, na mimi, niliyejua kuwa ni uongo, nikanyamaza, kwanza kwa kuogopa bunduki zao, kisha kwa aibu, kwa kuwa maji yalidanganya na mimi ndiye niliyempeleka. Miaka minne sasa mama yenu hathubutu kumwombea misa mwanawe, akiamini alijiua kwa uchafu wake. Huo nao, Syauswa, ni ukweli wa nani?

Mimi namwamini Mungu kwa sababu yupo. Kama hayupo, basi nimekosea, wala usinifariji kwamba nilikuwa sahihi kwa upande wangu.

Ukurasa ule uufute. Nilitaka useme haya siku ya kunizika, kabla ya udongo. Hapana, nisijifiche tena, hata ndani ya jeneza. Kahongya, mwite mama yenu, yuko jikoni.

Inamisheni vichwa. Mungu awalinde njiani na shambani, awape watoto wasioogopa kuwakosoa. Pumzi ikinikatika nikimwambia mama yenu, Syauswa, malizia wewe, wala usiongeze neno lako.

Godelive, mke wangu, keti. Karibu zaidi. Mtoto wetu… siku zile tatu nilikuwa naye… Nzanzu haku…