Wasikilizaji Watatu wa Muthubanda Aludeniya

Marehemu Muthubanda Aludeniya alikuwa na kanuni moja ya kazi, na kwa miaka thelathini hakuivunja. Tafsiri yoyote aliyoiandika haikutoka mezani kwake kabla ya kusomwa kwa sauti, mara moja tu, mbele ya watu watatu wasiojua Kiingereza. Hakuwauliza wameelewa nini, kwa maana mtu akiulizwa hivyo husema ameelewa ili asionekane mjinga. Aliwauliza, "Sasa utafanya nini?" Mmoja wao akijibu visivyo, tafsiri ilianza upya. Kwa sababu ya kanuni hiyo, wapo walioketi leo ng'ambo ya ua huu, mbali na jeneza, na wapo waliolibeba jeneza hilo tangu barabarani. Baadhi ya ndugu waliniomba niliruke jambo hili. Sitaliruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji hiki cha Udawela, karibu na Mawanella, wilaya ya Kegalle, Sri Lanka. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Kiri Banda Aludeniya, mgema wa mitende ya kitul na mpishi wa sukari guru, na Bi. Ran Menike. Mimi, Seelawathie, ni kitinda mimba wao.

Alianza masomo mwaka 1961 katika shule ya hekalu la hapa kijijini, akaendelea mjini Kegalle, na mwaka 1975 akaingia Chuo Kikuu cha Peradeniya kusoma Kisinhala na isimu. Likizo ya kwanza alirudi akizungumza kama kitabu. Jikoni alimwomba mama chai kwa maneno marefu yaliyopangwa vizuri, na mama akaacha kukuna nazi, akamtazama. "Mwanangu, unataka chai au unafungua mkutano?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Marehemu alikuwa akisema baadaye kwamba utafiti wake wote ulianzia hapo. Kisinhala tunachoandika na Kisinhala tunachosema ni ndugu wawili wasiotembeleana, na mtu maskini huandikiwa na yule asiyemfahamu. Alihitimu mwaka 1979.

Mwaka 1980 aliajiriwa kuwa mtafsiri katika kampuni moja ya dawa za mashambani mjini Colombo. Mwezi Oktoba 1984 mkulima mmoja, Mzee Sediris, alichanganyia dawa ndani ya chungu cha maji ya kunywa, na mvuke na maji vikampofusha macho yote mawili. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imetafsiriwa na marehemu. Hapakuwa na sentensi yenye kosa. Alisafiri mwenyewe kwenda kumwona mzee huyo, naye akamwambia, "Niliisoma mara mbili, bwana. Ilikuwa nzuri kama mahubiri. Ila sikujua inaniambia nifanye nini." Wiki iliyofuata marehemu aliacha kazi, na kanuni ile ikaanza.

Tarehe 22 Agosti 1985 alifunga ndoa na Bi. Kusumalatha, mwalimu wa Gampola. Barua ya kumposa aliisoma kwanza kwa kinyozi wake, Podi Appu, na wateja wawili waliokuwa wakingoja zamu. Podi Appu alisimamisha wembe. "Bwana, dada wa watu akisoma hii atadhani unatafuta chumba cha kupanga." Barua iliandikwa mara nne. Wifi yangu anayo mpaka leo ile ya nne, na nimeambiwa ina mistari sita tu. Mungu aliwajalia binti mmoja, Ishara, aliyezaliwa mwaka 1988.

Mwaka 1987 alijiunga na kitengo cha utafiti wa lugha huko Kandy, akakaa hapo miaka ishirini na saba. Alikusanya maneno ya sokoni, ya mashamba ya mpunga na ya vyumba vya wagonjwa, akayalinganisha na lugha ya matangazo ya serikali. Kompyuta zilipoanza kutafsiri, yeye na wenzake walizilisha jozi elfu arobaini za sentensi za Kiingereza na Kisinhala. Hakuiamini kompyuta wala hakuichukia. Ilitoa rasimu, naye akaipeleka kwa wasikilizaji watatu kama rasimu ya mtu yeyote. Alikuwa mgumu kazini. Wanafunzi wake walilia, na hakuwabembeleza.

Mwaka 2013 ofisi inayoshughulikia maporomoko ya ardhi ilikabidhi kitengo chake kazi ya kuandika maonyo yatakayotumwa kwa simu za watu wa milimani. Maonyo ya zamani yalikuwa ya lugha ya kitabuni, na watu waliyasikia bila kuondoka. Ilikubaliwa kwamba onyo jipya lisitumwe bila sahihi ya marehemu.

Ijumaa, tarehe 6 Juni 2014, mvua ilikuwa inanyesha kwa siku ya tatu. Saa tatu asubuhi ofisi iliomba onyo kwa vijiji vyote vilivyo chini ya mlima wa Galpota. Cha kwanza katika orodha kilikuwa Galpotagama, kijiji nilikoolewa. Saa nne unusu rasimu ilikuwa tayari. Msikilizaji wa kwanza alisema atawachukua wazazi wake na kwenda hekaluni. Wa pili akasema vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Heen Menike, muuza mboga. Alisikiliza, akajifunga kitambaa vizuri, akasema, "Nitaingiza watoto ndani, nifunge mlango, tukae mpaka ipite."

Simu ilipigwa na Bwana Weerakkody wa ofisi ile. Mazungumzo yao yamo katika kumbukumbu za tume iliyoundwa baadaye, nami nimeyasoma.

"Bwana Aludeniya, tuma. Mlima haumsubiri kinyozi wako."

"Nikituma hili, kuna watakaojifungia ndani."

"Wawili kati ya watatu wameelewa!"

"Na wa tatu ana watoto wanne."

"Una dada Galpotagama wewe, ama nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi tuma, ndugu yangu. Nakusihi."

Hakutuma. Aliandika upya, akatuma watu sokoni kwenye mvua kutafuta wasikilizaji wengine watatu. Wa mwisho wao alijibu sawasawa saa nane na dakika kumi na tano. Onyo lilitumwa saa nane na nusu.

Mlima ulikuwa umeshashuka juu ya Galpotagama saa nane kasoro dakika kumi. Mimi nilikuwa darasani nikifundisha, ng'ambo ya mto. Mume wangu, Dingiri Banda, alikuwa nyumbani akitengeneza mashine ya kukamulia utomvu wa mpira. Alipopatikana Jumapili, simu yake ilikuwa katika mfuko wa shati.

Saa kumi jioni upande wa pili wa mlima nao ulishuka, ukafukia nyumba za vijiji vitatu. Nyumba zote zilikuwa tupu. Familia sitini na moja zilikuwa zimelisikia onyo la saa nane na nusu, zikaondoka hata bila kuzima moto jikoni. Kama onyo la asubuhi lingewatoa watu wa Galpotagama, au lingewafungia ndani wale wa upande wa pili, hakuna ajuaye. Nimewasikia wengi wanaojifanya wanajua, wa upande huu wa ua na wa upande ule.

Iliundwa tume. Bwana Weerakkody, kwa wema, alimshauri aseme mitambo ya simu ilisumbua kwa sababu ya mvua. Ingeaminika. Marehemu aliandika, "Mitambo ilikuwa mizima. Mimi ndiye niliyelizuia." Mwezi Septemba aliondolewa kazini, na kitabu cha utafiti wake hakikuchapishwa.

Siku ya saba ya matanga ya mume wangu, watawa walipokwisha kula sadaka, marehemu alikuja akasimama uani kwa shemeji zangu nilikokuwa nimehifadhiwa. Nilitoka.

"Kaka, ulijua Dingiri Banda yuko nyumbani?"

"Nilijua. Mvua ikinyesha haendi shambani."

"Na ungerudishiwa saa ile ile, na ukijua haya yote?"

"Ningemsikiliza tena Heen Menike, mdogo wangu."

Nilifunga mlango. Nilikaa miaka minne bila kusema naye. Yeye alikuja kila siku ya kumbukumbu, akaacha maua langoni, akaondoka.

Mwaka 2018 figo zake zilianza kushindwa, na Bi. Kusumalatha akanipigia simu. Sikwenda kwa sababu nilikuwa nimemsamehe. Nilikwenda kwa sababu ndugu mgonjwa huendewa. Nilimpikia uji wa majani, akasema chumvi imezidi, na kweli ilikuwa imezidi. Tangu hapo nilikwenda kila Jumamosi. Alilazwa hospitali ya Kandy tarehe 20 Januari 2023, akafariki Jumamosi tarehe 11 Februari, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Hatukuzungumza tena juu ya ile Ijumaa. Hakuniomba nikubali kwamba alifanya sawa, nami sikumwambia kwamba alikosea.

Ameacha mjane wake, Bi. Kusumalatha; binti yake, Ishara, pamoja na mkwe wake; wajukuu wawili; kaka yetu mkubwa, Loku Banda; na mimi. Njia iliyobaki mbele yake na iwe fupi, afike penye utulivu usio na kuzaliwa tena.

Kanuni yake ilisubiri, na watu wanne wa Galpotagama wakafa bila kupata onyo: Bi. Podi Menike na mjukuu wake Sanduni, Mzee Appuhamy, na Dingiri Banda, mume wangu.