Bi Asnath na Ubao wa Bwawani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kusoma kina cha maji katika Bwawa la Chilonje, Bi Asnath Chidawali anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wengi wetu tulimkuta kazini.

Alianza kama kibarua wa kufyeka nyasi za tuta. Mwaka 2006 alipelekwa Japani kwa mafunzo ya wiki sita, akarudi na koti zito ambalo hapa Dodoma amelivaa mara mbili tu, na neno moja: shookoo. Wajapani hulitumia kwa hali iliyotulia kwa muda, kama homa iliyoshuka kabla mgonjwa hajapona. Ubao wetu wa taarifa ulikuwa na maneno mawili, salama na hatari. Yeye akaongeza hilo la tatu. Tulicheka, tukamwita Mama Shookoo.

Kisha ikaja Machi ya mafuriko. Familia za bondeni zilihamishiwa shuleni. Mvua ilipokatika siku mbili na jua kuwaka, zabibu zikiozea shambani, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Daudi, alikuja kuuliza kama watu warudi. Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Niliandika salama.

Bi Asnath alifika, akasoma kipimo, akafuta neno langu kwa kiganja na kuandika lake.

"Maji hayajapungua, Mzee, yamesimama tu," alisema. "Leo harudi mtu."

Alisemwa vibaya siku nzima, hata na mama yake mzazi, Bibi Generosa, ambaye shamba lake lilikuwa huko huko bondeni. Aliweka kiti chake katikati ya njia, akakaa na daftari mapajani.

Kesho yake saa nne asubuhi maji ya milimani yalifika, tuta likakatika. Nyumba ishirini na sita zilikwenda, na ya mama yake ikiwamo. Tulihesabu watu pale shuleni mara mbili, idadi ikatimia. Nilikaa chini nikalia.

Kwenye ripoti aliandika kwamba ubao ulisahihishwa kwa wakati. Jina langu hakulitaja, wala hajanikumbusha hadi leo. Ila tangu siku hiyo hakuna anayeandika salama peke yake. Lazima mwenzake naye akasome kipimo.

Bi Asnath, asante. Tunakuombea afya njema, mavuno mazuri ya zabibu, na asubuhi zisizo na kipimo cha kusoma. Leo nimeandika jina lako ubaoni, na mbele yake nimeandika salama. Ofisi nzima imehakiki. Tafadhali, hili usilifute.

Nurdini Issa, msoma vipimo