Maji Yaliyokataa Kupanda kwa Mama Proscovia

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Padri, ndugu na jamaa, na ninyi nyote mlioomba ruhusa kazini ili mfike, mimi ni Gervas, binamu wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na machozi yakinikatisha mnivumilie.

Mhandisi Wilbard Kamuhabwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 kijijini Kabirizi, wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, akiwa mtoto pekee wa Mama Proscovia, aliyebaki mjane mapema, akamlea kwa kahawa, migomba na ndoo za maji alizopandisha kila siku kutoka bondeni. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, sekondari akasoma Bukoba, mwaka 2006 akahitimu uhandisi wa mitambo Dar es Salaam, tarehe 9 Oktoba 2010 akafunga ndoa na Redempta, na mwaka 2013 Mungu akawajalia binti yao Irene, huyu aliyeketi mbele yetu.

Alifika hapa Dubai Februari 2012, akaajiriwa na kampuni ya ushauri wa kihandisi, akaishi mtaa wa Discovery Gardens hadi mwisho wake. Kazi yake ilikuwa kujenga mabomba ndani ya kompyuta: kwa programu maalumu aliingiza kila bomba, pampu na vali ya mfumo wa kupoza kinu cha nyuklia, kisha akaangalia maji yatapitaje, presha itashuka wapi, na pampu moja ikifa kama zilizobaki zitatosha. Huko hakuwa na mzaha. Nick, mwenzake wa ofisini, anasema michoro yenye vimo vya ardhi ambavyo hakuna mtu aliyekwenda kuvipima aliirudisha bila hata salamu, na sisi tunaoishi mtaa wa Al Qusais tunamkumbuka mgeni aliyeingia, akatega sikio kwenye bomba la bafuni, ndipo akauliza hali za watu.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye bomba moja tu, la kumtua mama yake ndoo kichwani. Mwaka 2023 aliomba likizo akapime mwenyewe, mradi ukabana, akanyimwa, na kwa haraka ya mtoto anayeona mama anazeeka akafanya alilowakataza wengine, akachukua vimo kwenye picha za satelaiti, akaviingiza katika programu ile ile, nayo ikamwambia kwamba maji ya chemchemi ya mlima wa pili, ng'ambo ya bonde, yatashuka bondeni na kupanda mpaka uani kwa mama. Wanakijiji wakachimba mtaro, wakalaza mabomba, na tarehe 22 Juni 2024 wakakusanyika na kwaya, naye akiwatazama kwa simu akiwa sebuleni kwake. Bomba likapumua hewa kidogo, likanyamaza. Chemchemi ile imezungukwa na mikaratusi, na satelaiti ilipima vilele vya miti ikadhani ni ardhi, hivyo chemchemi ikaonekana juu kuliko ilivyo. Kwaya iliendelea kuimba kwa kumsitiri, mpaka Redempta akamwondolea simu mkononi.

Aibu hiyo ilimla. Alipanga kwenda Desemba, na kifaa cha kupimia vimo alikwisha kukinunua, lakini Novemba tumbo likaanza kumuuma, na tarehe 15 Januari 2025 madaktari wakasema ni kansa ya kongosho, tena imesambaa. Kitandani aliomba kompyuta, akahamisha tangi la maji kwenye mchoro, akabadili mabomba, na kila mara jibu likawa lile lile, chemchemi iko chini mno. Alimpigia mama simu akamweleza, na mama akamjibu kwamba aje tu, maji wanayo bondeni. Hakuwahi kwenda. Alifariki dunia tarehe 6 Juni 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa Redempta. Mmetuambia kazi ya Mungu haina makosa, nasi tumepokea, ila hatuelewi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Discovery Gardens waliotupikia, Nick na wenzake wa ofisini, na Watanzania wote mliochanga ili asafirishwe.

Mwili unaondoka kesho kutwa. Tumeambiwa kwamba tangu jana Mama Proscovia anashuka bondeni na kupanda, ili mwanawe akifika maji ya msiba yawepo, na amekataa kupokewa ndoo.

Wilbard, pumzika kwa amani.